Mkono wa Kulia wa Mwanangu: Nitampata Wapi Mtaalamu wa Kumfaa?

SWALI

Mshauri wetu, pokea salamu kutoka Ng'ambo, Tabora. Mwanangu wa kiume anakaribia miaka 4. Alizaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu na alichelewa kulia. Alianza kutembea akiwa na miaka karibu miwili, na sasa anakimbizana na wenzake vizuri tu, lakini mkono wa kulia ameukunja kifuani, ngumi imefumba na kidole gumba kimejificha ndani yake. Daktari alituambia kuwa ni mtindio wa ubongo ulioathiri upande mmoja, akatushauri tutafute mtaalamu wa tiba kwa vitendo, akaishia hapo. Jirani akatuletea bwana mmoja anayejiita mtaalamu wa viungo. Kwa miezi 8 amekuwa akija nyumbani mara mbili kwa wiki, anamlaza mtoto mkekani na kumchua mkono kwa mafuta ya nyonyo, nasi tunamlipa shilingi 10,000 kila anapokuja. Mtoto analia tangu anapomwona mlangoni hadi anapoondoka, na badiliko sijaliona. Juu ya hayo, mama mkwe wangu, ambaye hapendi kumwona mjukuu wake akila kwa mkono wa kushoto, ameanza kumfunga mkono huo kwa kipande cha kanga wakati wa chakula ili alazimike kutumia wa kulia, na mtoto anakwenda kulala hajashiba. Mtaalamu wa kweli nitamtambuaje, na je, ni lazima nihamie Dar es Salaam ili nimpate?

Mama wa watoto watatu, Tabora

JIBU

Dada yangu, nianze na kanga, maana mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho lakini njaa ya mtoto haingoji. Mfungueni mkono leo. Ajabu ni kwamba bibi yake, bila kujua, ameikaribia tiba iliyopo kweli, ambayo mkono mzima huvishwa kizuizi ili ule dhaifu upate zamu ya kufanya kazi. Tofauti ni kwamba tiba hiyo hupangwa na mtaalamu baada ya kumpima mtoto, hufanyika kwa saa na wiki zilizohesabiwa, na hufanyika kwa michezo ambayo mkono dhaifu unaiweza kwa shida kidogo tu, kamwe si kwa sahani ya chakula mbele ya mtoto mwenye njaa. Mkono ambao haujawahi kufunguka hautajifunza kumega tonge kwa kulazimishwa. Utajifunza kwamba wakati wa chakula ni wakati wa kushindwa. Ukizungumza na mama mkwe wako, zungumza naye kwa heshima na umpe kazi badala ya lawama: mwambie kwamba mwenye udhuru ana udhuru wake hata mbele ya dini, na kwamba kwa sasa mkono wa kulia wa mjukuu wake ni msaidizi, kazi yake ni kushikilia bakuli lisisogee wakati wa kushoto unapochota. Bibi akiisimamia kazi hiyo kila siku, atakuwa amemsaidia mtoto kuliko yule bwana wa mafuta ya nyonyo.

Kuhusu bwana huyo, nitasema kwa upole lakini waziwazi. Kuchua kunaweza kumlegeza na kumstarehesha mtoto, ingawa wako hata starehe hiyo haipati, lakini hakuufundishi mkono kazi. Mtindio wa ubongo chanzo chake ni jeraha la ubongo ambao bado unakua, na ubongo hujifunza pale mtoto mwenyewe anapotaka jambo, anapolijaribu, anapolikosa na kulirudia mara nyingi. Mtoto aliyelala chali akilia huku mtu mzima akivutavuta mkono wake hajifunzi lolote isipokuwa kumwogopa mtu huyo. Kwa hesabu yangu mmekwisha kumlipa karibu shilingi 700,000. Sisemi haya ili kukuumiza. Nasema kwa sababu fedha za namna hiyo zingekutosha kwenda kwa mtaalamu Mwanza na kurudi zaidi ya mara moja.

Jina la taaluma yenyewe huwachanganya watu, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Fiziotherapia hushughulikia zaidi mwendo, nguvu, usawa wa mwili na kutembea. Tiba kwa vitendo huanza na kuuliza siku ya mtoto ina kazi gani, na kazi za mtoto ni kula, kuvaa, kuoga, kucheza na baadaye kuandika, kisha hutafuta njia ya kumwezesha kuzifanya: kwa kuufundisha mwili, kwa kubadili chombo anachokitumia, au kwa kubadili namna kazi yenyewe inavyofanyika. Kwa hiyo utakapofika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, usiseme tu kwamba unataka mtoto "afanyiwe mazoezi". Uliza kuhusu huduma za utengamao, yaani za kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku, kisha taja kwa jina kamili kwamba unamtaka mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Ukiambiwa kwamba hayupo, mkubali mtaalamu wa fiziotherapia akuanzishie, na papo hapo uombe barua ya rufaa. Kwa mtu wa Tabora, Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza ni karibu kuliko Dar es Salaam. Kuna pia hospitali ya KCMC huko Moshi, ambako wengi wa wataalamu hawa nchini wamesomea, na hospitali za CCBRT na Muhimbili kwa watakaolazimika kufika Dar es Salaam. Usichelewe, kwa sababu sera ya afya imekuwa ikiwasamehe watoto wa chini ya miaka 5 gharama katika vituo vya serikali, na wako amebakiwa na mwaka mmoja na kidogo tu. Akishavuka umri huo, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaanza kuuza mali.

Kuhamia Dar es Salaam si lazima, na hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi ninaowasikia. Tuseme umempata mtaalamu mzuri jirani kabisa, anamwona mtoto dakika 45 kila wiki bila kukosa. Kwa mwaka mzima hizo ni saa 39. Mtoto huyo huyo hukaa macho pamoja nanyi saa zipatazo 12 kwa siku, yaani zaidi ya saa 4,000 kwa mwaka. Mtaalamu wa kukufaa, basi, ni yule anayezitumia saa 39 zake kukufundisha wewe namna ya kuzitumia zako 4,000. Aliye Mwanza, mkaonana mara tatu au nne kwa mwaka na kati ya hapo akakupigia simu, anaweza kumfaa mtoto wako kuliko aliye mtaa wa pili anayekuomba usubiri nje ya mlango.

Sasa namna ya kumtambua. Nenda na kadi ya kliniki, lakini nenda pia na shati la mtoto, bakuli lake la uji na video fupi ulizompiga kwa simu akiwa anakula na anavaa, kisha mtazame mtaalamu atakavyoanza. Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kazi hii ya tiba kwa vitendo, mwalimu wangu alikuwa akiweka embe bivu mezani mbele ya mtoto na kunyamaza. Embe haliliwi kwa mkono mmoja. Mtoto atalibana kifuani, au atalikandamiza kwa kiwiko, au kile kidole gumba kilichojificha kitachomoza kidogo, na kwa dakika mbili unakuwa umeona yale ambayo kupima misuli kwa nusu saa kusingekuonyesha. Mtaalamu wako si lazima awe na embe, ila ni lazima amtazame mtoto akifanya jambo kabla ya kumshika. Akuulize kinachokusumbua nyumbani ni nini hasa. Mwishoni akupe lengo linaloweza kupimika, kwa mfano kwamba ndani ya wiki 8 mtoto ashikilie bakuli kwa mkono wa kulia hadi uji uishe, na akueleze lengo hilo lisipotimia atabadili nini. Huenda akashauri splinti, yaani kifaa kinachovaliwa mkononi, ya kukitoa kidole gumba ndani ya kiganja, na hilo ni la kawaida. Akueleze tu ivaliwe saa ngapi na ngozi ikaguliwe vipi.

Omba kuona leseni yake, bila kuona haya. Wataalamu wa kada shirikishi za afya, yaani wale wanaotibu pamoja na madaktari, kama huyu wa tiba kwa vitendo, wana sheria inayowahusu, ya mwaka 2017, na mwenye leseni hakasiriki akiulizwa. Anayekuahidi kwamba mkono "utapona kabisa", au anayefungua mkoba na kuanza kukuuzia dawa za kuongeza akili, agana naye kwa adabu na uondoke.

SWALI

Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Binti yangu wa miaka 7 ana usonji. Hawezi kuvumilia kola ya sare ya shule, huziba masikio darasani, na bado tunamvalisha sisi. Nimempata kijana aliyesomea tiba kwa vitendo Moshi, lakini anakiri kwamba karibu wagonjwa wake wote ni watu wazima waliopata kiharusi. Nimkubali, au nisubiri hadi nimpate wa watoto?

Baba wa binti mmoja, Ujiji

JIBU

Ndugu yangu, mkubali, lakini kwa masharti. Mafunzo ya wataalamu wa tiba kwa vitendo yanahusu watu wa rika zote, na kijana anayekiri mapema asichokizoea ananipa imani zaidi kuliko anayedai kuweza kila kitu. Kabla ya yote hakikisha kwamba binti amepimwa masikio, kwa maana kuziba masikio hakuthibitishi kwamba anasikia sawasawa. Kisha mwalike kijana huyo nyumbani asubuhi, saa ile ile ya vita vya kola, auone mwenyewe uvaaji ulivyo. Huenda jibu la kwanza likawa kwa fundi cherehani: kuondoa lebo, kulainisha mshono, kuvaa fulana nyepesi ndani ya shati. Baada ya hapo amfundishe kuvaa hatua moja moja, kwa kuanzia na hatua ya mwisho, yaani ninyi mnafanya yote na yeye anamalizia kulishusha shati, ili kila asubuhi iishe kwa yeye kufaulu. Akipendekeza kumsugua ngozi kwa brashi au kumvisha fulana yenye uzito, mwulize anategemea nini, kwa sababu ushahidi wa mbinu hizo ni hafifu.

Kubalianeni mara 6 kwanza. Katika hizo, angalau moja aitumie kukaa darasani na kuzungumza na mwalimu wa binti yako kuhusu mahali anapoketi na kelele zinapotokea. Zikiisha zote sita bila yeye kukanyaga shuleni, mshukuru, umlipe chake, na umwulize ni nani kati ya aliosoma nao anayeshughulika na watoto. Atakuwa na jina la kukupa, kwani wenye taaluma hii nchini si wengi kiasi cha kutofahamiana.