Wademokrat nao wana bunduki

Ndugu, hapo uliposema kuhusu siasa za Marekani kwamba "Wademokrat hawana bunduki, wanataka tu kuzipora za wenzao" umeteleza. Katika mdahalo wa Septemba 2024 Kamala Harris, mgombea urais wa Democratic, alisema mbele ya Trump kwamba yeye na mgombea mwenza wake Tim Walz wote wanamiliki silaha. Walz mwenyewe ni mwindaji, na alipokuwa mbunge NRA, chama kikubwa cha kutetea wenye bunduki, iliwahi kumpa alama A kabla hawajakosana.

Tena rudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 wanachama wa Black Panther, kundi la Wamarekani weusi waliopigania haki zao, waliingia bunge la California na bunduki mkononi. Aliyesaini sheria ya kupiga marufuku kutembea hadharani na bunduki yenye risasi alikuwa gavana wa Republican, Ronald Reagan! Leo chama chake kingemzomea.

Ni kweli Warepublican wanazo nyingi zaidi, hilo sibishi. Ila jirani yangu hapa Minnesota, gari lake limejaa stika za Democratic, na kila Novemba ananiletea nyama ya kulungu aliyemlenga mwenyewe. Anachotaka ni mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza. Yake hataki iguswe.