Ripoti ya wakili ikishafika serikalini

*Mawakili wa kampuni yetu hapa Marekani walichunguza tuhuma za hongo. Sasa SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa, inaomba ripoti yao. Tukiwapa wao peke yao, wanahisa wanaweza kuidai? (Houston)*

Wanaweza, na karibu kila mahakama ya shirikisho itawapa. Kampuni ya Westinghouse ilituhumiwa kumhonga Rais Marcos ili ipate kandarasi ya mtambo wa nyuklia Ufilipino. Ikaionyesha SEC ripoti ya mawakili wake, halafu nyaraka nyingine Wizara ya Sheria. Ufilipino iliposhtaki, ikadai karatasi zilezile, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kinga, yaani haki ya kuficha mawasiliano ya wakili na mteja, imekwisha. Qwest, kampuni ya simu, waliipa serikali kurasa zaidi ya 220,000. Nao walishindwa mwaka 2006. Mawakili wanaouza matumaini watawatajia uamuzi wa 1978 wa Mzunguko wa Nane, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho, uliokubali kumpa mmoja na kumnyima mwingine. Mizunguko mingine imeukataa.

Serikali ipeni matukio: nani alilipwa, lini, kupitia akaunti gani. Hayo hayajawahi kuwa siri ya wakili; kesi ya Upjohn ya 1981, Mahakama ya Juu ya Marekani, ilishasema. Maoni ya wakili yabaki kabatini. Miongozo ya waendesha mashtaka ya 2008 inasema kampuni inaweza kuhesabiwa imeshirikiana bila kuachia kinga yake. Anayewaambia lazima mtoe yote, mwambieni awaonyeshe palipoandikwa.

*Tukisaini kwanza makubaliano ya usiri?*

Westinghouse walikuwa nayo na Wizara ya Sheria. Hayakuwaokoa.

*Nikimnakili wakili kwenye kila barua pepe, zote zinakuwa siri?*

Hapana. Hesabu ya mafuta ya magari haigeuki ushauri wa sheria kwa kuwa wakili kanakiliwa.

*Karani alituma faili la wakili kwa bahati mbaya.*

Kanuni ya Ushahidi ya 502 ya shirikisho, iliyopitishwa 2008, inawalinda kama mlichukua tahadhari na mkaharakisha kulidai. Msingoje kikao cha bodi, andikeni leo.

*Na Uingereza? Na huku kwetu Mombasa?*

Uingereza ni wapole zaidi: katika kesi ya British Coal na Dennis Rye, 1988, nyaraka zilizopewa polisi kwa upelelezi zilibaki na kinga kwenye kesi ya madai. Ila hukumu hiyo haitakusaidia ukishtakiwa New York. Kenya, kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamfunga wakili mdomo mpaka mteja aridhie waziwazi. Mteja anayebeba barua ya wakili mwenyewe hadi kaunta ya KRA, mamlaka ya kodi, hakuna aliyemfunga.