Gokati ya injini ya pikipiki: nunua injini mwisho

Vijana wengi wanaokuja gereji kuomba ushauri wa gokati, kile kigari kidogo cha mashindano kinachokaa chini karibu na ardhi, huanza vilevile: "Shikamoo kaka, nimeshapata injini." Injini iko uani kwao imefunikwa gunia, akiba yote imeishia humo, na vitu vingine vyote, tairi, usukani, breki, vinasubiri kuokotezwa. Huwa namuuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, kitasimamaje?" Wengi wanakuwa hawajafika huko.

Basi tuanzie hapo. Kama unapanga kujenga gokati nyumbani, injini iwe kitu cha mwisho kununua. Injini za pikipiki haziadimiki mjini. Nenda Gerezani au Kariakoo leo, nenda mwezi ujao, utazikuta. Ila ukishainunua mapema inaanza kukupangia kila kitu: unakata fremu kuifuata injini, halafu dereva ndiye anayetafutiwa pa kujibana. Mpango mzuri unaanza na mtu atakayekaa.

Kigari cha kwanza cha aina hii kinachojulikana kilitengenezwa California mwaka 1956 na Art Ingels, fundi wa magari ya mashindano, kwa injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi. Hakikuwa na springi wala difu (gia inayoruhusu tairi mbili za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), na mpaka leo gokati za mashindano hazina. Tairi mbili za nyuma zimeshikwa na shafti moja nzima. Liweke hilo kichwani, maana ndilo linaloamua usukani wako utakuwaje.

Tafuta sakafu ya saruji na chaki. Mwenye kuendesha akae chini, mgongo umeegemea kitu, miguu imenyooshwa lakini magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele kama ameshika usukani. Mchore pembeni. Weka alama ya visigino, viwiko na mabega. Halafu chora ekseli ya mbele na ya nyuma kwa ukubwa wake halisi. Gokati za mashindano huwa na umbali wa sentimita 101 hadi 107 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa injini ya pikipiki napendelea kusogea mpaka 120 au 130, kwa sababu injini hii ina giaboksi ndani yake na inakula nafasi. Upana kati ya tairi na tairi usipungue theluthi mbili za urefu huo. Mimi napita hapo bila woga, kwa kuwa upana ndio unaozuia kigari kupinduka. Mchoro huo uache sakafuni hadi fremu iishe. Kila paipu unayoikata unakuja kuilaza juu ya mstari wake.

Chuma chenyewe kisikuchukulie muda. Usinunue paipu zile nyepesi za madirisha na mageti. Paipu kama hiyo ya geji 16 ina unene wa kama milimita moja na nusu, na kwa kuwa gokati haina springi, mtikisiko wote wa ardhi unaingia kwenye maungio. Chukua yenye unene wa milimita 2 au zaidi. Unapochomelea, piga doti kwanza kila kona, yaani ishike kwa nukta ndogo tu, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa mraba. Visipolingana, gonga uinyooshe kabla hujachomelea moja kwa moja.

Kwa tairi, hapa kwetu naona jibu liko wazi: tairi za bajaji, 4.00-8. Zina kimo cha kama sentimita 41, zimetengenezwa kubeba mzigo barabarani, na rimu zake zinapatikana. Toroli la ujenzi nalo hutumia tairi zinazofanana kwa macho, na ni rahisi zaidi, lakini zile zimetengenezwa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Rimu yake na beringi yake havikukusudiwa kuzunguka kwa kilomita 60 kwa saa huku vikisukumwa ubavuni kwenye kona. Usizifunge.

Shafti ya nyuma napenda iwe ya milimita 30, chuma kizima kilichonyooka, ikibebwa na beringi za UCP206. Ni zile zenye nyumba ya chuma na bolti mbili, unazoziona kwenye mashine za kusaga na kukoboa. Zikae karibu na tairi kadiri inavyowezekana, kwa sababu shafti inayoning'inia nje ya beringi ndiyo inayopinda. Mahali pa kufunga sproketi (gurudumu la meno la cheni), diski ya breki na hab (vitovu) za tairi, nenda kwa fundi wa kukereza akutengenezee vikombe vyenye njia ya kii ya milimita 8, kile kipande cha chuma kinachozuia kikombe kuteleza kwenye shafti. Kuna watu wanachomelea sproketi moja kwa moja kwenye shafti. Siku sproketi ikiisha meno, shafti nzima inakuwa chuma chakavu, na joto la kuchomelea linaweza kuipinda tangu siku ya kwanza.

Usukani ndiko mafundi wengi wa mtaani wanakopita haraka, na mimi ndiko ninakotumia muda mrefu kuliko pengine popote. Unapokata kona, tairi ya ndani inapita njia fupi kuliko ya nje. Kwa hiyo mbele, tairi ya ndani inatakiwa kupinda zaidi kuliko mwenzake. Kuna njia ya kulipata hilo bila hesabu. Tairi za mbele zikiwa zimenyooka, funga uzi kwenye kingpini (pini ambayo tairi ya mbele inageukia), upitishe juu ya tundu la mkono unaoshika tairodi (fimbo inayovuta tairi usukani ukigeuzwa), uuvute mpaka katikati ya shafti ya nyuma. Fanya hivyo pande zote mbili. Kama uzi unapita juu ya tundu bila kupinda na nyuzi mbili zinakutana katikati ya shafti, mikono yako iko sawa. Kama tundu limekaa nje au ndani ya uzi, sogeza mkono kabla hujachomelea kabisa.

Jambo la pili ni kulaza kingpini. Nyuma hakuna difu, kwa hiyo kwenye kona tairi ya ndani inalazimishwa kuzunguka sawa na ya nje na kigari kinang'ang'ania kwenda mbele. Dawa yake ni kuilaza kingpini nyuma, kichwa cha juu kielekee kwa dereva, karibu digrii 12. Ukiikata kona, tairi ya mbele ya ndani inajisukuma chini, fremu inapinda kidogo, na tairi ya nyuma ya ndani inapata wepesi au kunyanyuka kabisa. Hapo kigari kinageuka. Ndiyo maana fremu ya gokati haijazwi mihimili kila mahali kama geti la kiwanda. Inatakiwa ijipinde kidogo.

Breki sasa. Usisahau kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji kukusimamisha unaongezeka mara nne. Diski ya mbele ya pikipiki pamoja na kalipa yake, kibanio kinachobana diski kwa msukumo wa mafuta ya breki, inafaa sana ukiifunga kwenye shafti ya nyuma, kwani shafti ni moja na diski moja inazuia tairi zote mbili. Masta silinda, pampu ya mafuta ya breki iliyokuwa kwenye usukani wa pikipiki, unaitengenezea pedali ya mguu. Pedali iwe ya chuma nene na iwe na kizuizi nyuma yake ili isivutwe kupita kiasi. Kabla injini haijafungwa, mkalishe mtu, wenzake wawili wasukume kigari wakikimbia, akanyage. Tairi za nyuma zikijifunga na kuburuzika, endelea. Zisipojifunga, usifike dukani kununua injini.

Sasa ndio wakati wake. Injini rahisi kufanyia kazi ni zile za mtindo wa Honda CG, ambazo pikipiki nyingi za Kichina zinatumia, za cc 125 na 150. Zinapozwa kwa upepo, vipuri vyake viko kila duka, na karibu kila fundi wa bodaboda anazijua. Kama kigari ni cha mtoto, tafuta injini ya mtindo wa Honda Cub yenye klachi ya kujishika yenyewe, ili mguu wa kushoto usiwe na kazi. Ukinunua ya mtumba, dai nakala ya kadi ya pikipiki na ulinganishe namba ya injini iliyoandikwa mle na iliyogongwa kwenye chuma. Andikishaneni. Injini isiyo na karatasi ni nafuu kwa sababu fulani, na sababu hiyo inaweza kukufikisha polisi.

Pa kuiweka: kulia kwa dereva, silinda ikielekea mbele kama ilivyokuwa kwenye pikipiki. Kwenye CG sproketi iko kushoto, kwa hiyo cheni inaangukia upande wa ndani. Kiki na ekzosti ziko kulia, kwa hiyo zinabaki nje, mbali na mwili. Kiti kisogee kidogo kushoto ili uzito ulingane. Usijaribu kuigeuza injini kichwa kiangalie nyuma, hata kama inaonekana kuingia vizuri zaidi: sproketi itazunguka kinyume na utapata gia tano za kurudi nyuma. Na usiilaze. Oili iko chini ya injini na kabureta ina bakuli lenye boya, vyote viwili vinahitaji mkao ule ule wa pikipiki. Tanki nalo liwe juu ya kabureta, kwani petroli inateremka yenyewe. Nguzo fupi nyuma ya kiti inatosha, mbali na ekzosti.

Kwenye pikipiki upepo unaipiga injini usoni. Hapa imekaa chini, pembeni ya mtu. Usiizibe kwa bodi ya bati kwa ajili ya kupendeza, na usiiache ikinguruma muda mrefu umesimama.

Fanya hesabu ya mwendo kabla ya kununua sproketi. CG ya 125 yenye gia tano, ikiwa kwenye gia ya tano, injini inazunguka karibu mara 3.9 sproketi ya mbele inapozunguka mara moja. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, sproketi ya mbele inapata kama 2,050. Ukiwa na meno 15 mbele na 38 nyuma, shafti inapata kama 810. Tairi ya bajaji inasafiri karibu mita 1.29 kwa kila mzunguko. Zidisha, unapata kilomita kama 62 kwa saa. Kwenye gia ya kwanza, kwa mizunguko hiyohiyo, ni 22 hivi. Kwa mtu aliyekalia chuma kilicho sentimita chache juu ya ardhi, 62 ni nyingi mno kwa kuanzia. Ongeza meno ya nyuma, mwendo upungue na nguvu ya kuondokea iongezeke. Cheni iwe ya saizi 428, sproketi zote mbili za namba hiyo, na ilegee kama sentimita moja na nusu katikati. Kava ya cheni si pambo. Kanga, kamba ya kiatu, nywele ndefu, vyote huvutwa na cheni haraka kuliko mtu anavyoweza kupiga kelele.

Swichi ya kuzimia iwe karibu na mkono. Kwenye CDI (kisanduku kinachoratibu cheche za plagi) nyingi za CG zisizotegemea betri, waya mweusi wenye mstari mweupe ukigusishwa kwenye bodi, injini inazimika. Kuchomoa betri hakuizimi. Ijaribu injini ikiwa inaunguruma, dereva akiwa hayumo. Kebo ya mafuta, ile ya kuongezea mwendo, nayo iwe na springi mbili za kurudisha, moja kwenye kabureta na nyingine kwenye pedali. Moja ikikatika, ya pili ipo.

Kuhusu mkanda, gokati za mashindano hazina mkanda kwa sababu hazina keji, kizimba cha chuma cha kumkinga dereva. Kigari kikipinduka, ni heri dereva atoke. Ukijenga keji ya chuma juu ya kichwa, hapo mkanda ni lazima. Usichanganye nusu na nusu. Kofia ngumu na viatu vya kufunika havina mjadala, hata kwa mzunguko mmoja.

Na si chombo cha barabarani. Hakina usajili, na dereva wa lori hakuoni. Omba uwanja wenye uzio, muda ambao hakuna watoto wanaocheza. Siku ya kwanza baki gia ya kwanza na ya pili, dakika tano tu, kisha zima. Pitia kila bolti kwa spana, shika beringi moja moja uone ipi ina joto kuliko wenzake, tazama maungio ya kingpini kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Beringi yenye joto inamaanisha shafti haijanyooka au umeikaza kwa kuipinda. Legeza nyumba zake, zungusha shafti kwa mkono mpaka iende laini, kaza upya, ndipo uwashe tena.