Jibu: Kwa nini waliichoma nyumba nzima?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wakuu wa Kaunti ya San Diego, California, waliichoma ile nyumba ya kupanga ya Escondido mwaka 2010 badala ya kutoa vilipuzi kimoja kimoja. Humo mlikuwa na HMTD, aina ya kilipuzi, ya kutengenezwa nyumbani, na hiyo hulipuka hata kwa msuguano mdogo. Mtunza bustani alikanyaga tu uani, akajeruhiwa. Ndani vitu vilirundikana, pa kupita hapakuwepo. Ungemtuma mtoto wa nani aingie?

Basi Desemba 9 wakahamisha majirani, wakafunga barabara kuu ya I-15, wakasimamisha ukuta wa kukinga moto, wakasubiri upepo utulie, ndipo wakawasha. Baada ya nusu saa hivi, nyumba ikawa majivu. Kwangu mimi, waliamua sawasawa kabisa.