Kumfundisha mtoto mdogo lugha ya alama nyumbani: jibu kwa dada wa Nyegezi

Dada uliyeuliza, umetueleza kwamba mtoto wako ana miezi minane na anasikia vizuri, kwamba umeona video za akina mama wa Marekani wakizungumza na watoto wao kwa mikono, na kwamba mama mkwe wako amekukataza kuwaiga kwa kuhofia mtoto atachelewa kusema au atakuwa bubu. Nimelea watoto wawili wanaosikia, hapahapa Mwanza, katika nyumba inayotumia lugha ya alama kila siku kwa sababu dada yangu mkubwa ni kiziwi na tunaishi naye. Nitakujibu kwa niliyoyaona pamoja na machache niliyoyasoma.

Hofu ya mama mkwe usiidharau. Mama yangu mzazi alikuwa nayo hiyohiyo wakati mtoto wetu wa kwanza alipoanza kuomba maji kwa vidole kabla hajaweza kutamka neno lolote, kwa maana watu wote aliowahi kuwaona wakizungumza kwa mikono walikuwa hawasemi kwa mdomo. Lakini kiziwi hutumia mikono kwa kuwa hasikii. Si mikono iliyomnyang'anya ulimi. Mtoto anayesikia huendelea kuokota maneno kila anapozungumziwa, na alama unayomwonyesha huku ukilitamka neno lenyewe haipunguzi chochote katika anachokisikia. Sharti ni hilo tu, kwamba usinyamaze. Wangu wote wawili walisema kwa wakati wake, na huyu mdogo sasa tunambembeleza anyamaze ili tupate kusikiliza taarifa ya habari.

Kwa upande mwingine, usiziamini video zinazokuahidi mtoto mwenye akili kuliko wenzake. Linda Acredolo na Susan Goodwyn, wanasaikolojia wa California walioanza kulichunguza jambo hili katika miaka ya 1980, waliona kwamba watoto waliofundishwa ishara walitangulia kidogo katika vipimo vya lugha, lakini walipofika umri wa miaka mitatu tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Mwaka 2013 Elizabeth Kirk na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti wa akina mama 40 na watoto wao, waliofuatiliwa tangu miezi 8 hadi miezi 20, na hawakuona kwamba ishara ziliwaharakisha watoto kusema wala kwamba ziliwachelewesha. Badiliko walilikuta kwa akina mama: waliotumia ishara walikuwa wepesi zaidi kuitikia yale ambayo mtoto huyaonyesha bila maneno.

Hilo ninaweza kulishuhudia. Huwezi kuidaka alama ya mtoto mchanga bila kumtazama, na ukishazoea kumtazama unaanza kuona mambo ambayo zamani yalikuwa yakikupita. Mtoto anayeweza kuonyesha kwamba ameshiba hana haja ya kutema uji wa ulezi kwenye shati la baba yake. Usiku mmoja mkubwa wetu alilia kwa namna ambayo tungeihesabu kuwa ni ya meno, kama asingeonyesha alama ya kuumwa huku mkono wake ukirudi kwenye sikio lilelile. Asubuhi daktari alikuta sikio hilo limeingia uambukizi. Kwangu faida ni hiyo, na inatosha.

Sasa ujifunze alama zipi? Lugha za alama zinatofautiana kama zinavyotofautiana lugha za kusemwa. Katika video ulizoziona, maziwa huonyeshwa kwa kufumba na kufumbua ngumi, mkono ukiiga ukamuaji, jambo ambalo Msukuma yeyote ataling'amua mara moja, lakini hiyo ni lugha ya viziwi wa Marekani. Hata sisi tunaokunywa maji ya ziwa moja hatuna lugha moja ya alama: Uganda iliitaja yake katika Katiba ya 1995, Kenya ikaitaja yake katika Katiba ya 2010, na viziwi wa hapa Mwanza wanatumia Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo wengi huiita LAT. Ishara ya kubuni nyumbani haimdhuru mtoto anayesikia, kwa kuwa lugha yake inamjia kupitia masikio. Hata hivyo, kama utajisumbua kumfundisha, kwa nini umfundishe ishara ambazo hataweza kuzitumia na kiziwi atakayekutana naye ndani ya daladala au sokoni Mwaloni?

Nasisitiza hili kwa sababu ya dada yangu. Alipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza kusema, na utoto wake wote nyumba nzima ilikuwa na ishara chache tu za kubuni, za kula, kuja, kwenda na kuchapwa, ambazo zilitosha kumwamuru lakini hazikutosha kumweleza bibi amekwenda wapi siku tulipomzika. Lugha aliipata alipopelekwa Shule ya Viziwi Tabora, ambayo ilianzishwa mwaka 1963 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na aliporudi likizo alikuwa na mengi ya kusema na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwelewa. Mimi nilijifunza kwake, taratibu, nikiwa bado mdogo. Kwa hiyo watoto wangu walipozaliwa, mwalimu alikuwamo ndani.

Namna ya kufundisha niliiona kwake, na baadaye nikasoma kwamba mama viziwi hufanya vivyo hivyo wanapozungumza na watoto wao. Dada yangu hamwonyeshi mtoto alama kabla macho yao hayajakutana. Akishayapata macho, huifanya alama taratibu, kubwa kuliko kawaida, na kuirudia. Mtoto akiwa anakitazama kikombe, yeye huusogeza mkono hadi karibu na kikombe ili mtoto aone vyote viwili kwa pamoja, na mara nyingine huifanya alama juu ya mwili wa mtoto mwenyewe. Hamshiki mikono na kuikunja kwa nguvu. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga haoni mikono yako hata kidogo, kwa hiyo saa za kazi hiyo ni za kulisha, kuogesha, kubadilisha nepi na kumpakata akiwa amekuelekea. Kama una dada wa kazi anayeshinda na mtoto, mfundishe na yeye, la sivyo alama zitakuwa mchezo wa jioni tu.

Anza na chache zinazohusu haja zake: kunyonya, maji, ongeza, basi, kubebwa, kuumwa. Halafu ongeza kitu kimoja au viwili anavyovipenda, hata kama havina maana kwako, kwa sababu mtoto husema upesi zaidi kile kinachomfurahisha. Wetu alishikilia korongo, wale ndege wakubwa wanaozurura Mwaloni wakingoja matumbo ya samaki, na kwa muda mrefu kila chenye mabawa kilikuwa korongo.

Usitegemee jibu mapema. Katika umri wa mwanao ataelewa kabla ya kuonyesha, na alama zake za kwanza zitakuja karibu na wakati anapoanza kupunga mkono wa kwaheri na kupiga makofi. Zitakuwa zimepinda, kwa sababu mtoto huanza kumudu bega na kiwiko kabla ya vidole, kwa hiyo alama inayotaka vidole viwili huenda ikafanywa kwa mkono mzima. Wewe iitikie kana kwamba ni sahihi, kisha mrudishie iliyo sahihi. Hata watoto viziwi hupita njia hiyo: mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi hubwabwaja kwa mikono, kama wenzao wanavyobwabwaja kwa sauti.

Kuna jambo moja ningependa ulihakikishe kabla ya hayo yote. Umesema mtoto anasikia vizuri, lakini umejuaje? Mtoto kiziwi hucheka, hulia na kutoa sauti katika miezi ya mwanzo kama wengine, na mlango ukibamizwa anaweza kushtuka kwa mtikisiko tu. Mtoto wa miezi minane anatakiwa ageuke akiitwa kwa sauti ya kawaida kutoka nyuma yake, pasipo kuona kivuli chako, na awe anaanza kuunganisha sauti za bababa na mamama. Usipoyaona hayo, au kama alizaliwa njiti, alipata manjano kali, au aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, nenda kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, kama ile ya Hospitali ya Bugando, wala usikubali kuambiwa ungoje afikishe miaka miwili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulionyesha kwamba watoto viziwi wa wazazi wanaosikia, walioanza kupata lugha ya alama kabla ya miezi sita, walikuwa na msamiati unaolingana na umri wao. Kwa mtoto wa namna hiyo alama si nyongeza, ndiyo lugha yenyewe.

Kwa mtoto anayesikia, alama nyingi huachwa zenyewe maneno yanapoongezeka, na hakuna haja ya kuzilazimisha zibaki. Kwetu zilibaki kwa sababu shangazi yao yupo mezani na hakuna njia nyingine ya kumwomba kipande cha sato. Ukitaka na kwako zibaki, mtafutie mtoto mtu wa kuzungumza naye: Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina matawi mikoani, na kupitia kwao unaweza kumpata kiziwi atakayekuja nyumbani kuwafundisha kwa malipo mtakayokubaliana. Na siku atakapokuja, mwombe mama mkwe naye akae.