Keti dawati la nyuma kabla hujabomoa

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliniandikia: "Majengo yetu yamechakaa. Wazazi wanataka tubomoe tujenge upya, mwalimu mkuu anataka ukarabati. Wewe umeyapitia, tufanyeje?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha usingizi ukanipaa. Nimeyapitia kweli, na bado yananiuma.

Nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi ya shule waliyosoma wanangu. Jengo la zamani lilikuwa na kuta nene na madirisha pande mbili, ila sakafu ilikuwa na mashimo na rangi imebanduka. Niliona aibu kila alipokuja mgeni. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote kwamba libomolewe. Mwalimu mmoja mkongwe akasimama na kusema, "Jengo hili linahitaji dari na sakafu, halihitaji kuzikwa." Nilimkatiza mbele ya watu. Alistaafu kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi.

Mambo ya michoro na vikao nayaruka. Jengo jipya lilizinduliwa kwa vigelegele, nami nilikaa safu ya mbele. Mvua ya kwanza iliponyesha, walimu waliacha kufundisha kwa kelele. Juu kulikuwa na mabati matupu, kwa sababu fedha ya dari ilikwisha kwenye kubomoa na kusomba kifusi. Hata siku za jua, kuta tupu zilirudisha kila neno kwa mwangwi. Mwanangu alikaa nyuma. Kila nilipomuuliza wamesoma nini, alijibu, "Sikusikia." Nilimkaripia muhula mzima nikidhani ni uvivu. Alikuwa ananiambia ukweli.

Ndipo nikaanza kusoma. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu shule moja ya New York iliyopakana na reli iliyojengwa juu ya nguzo, yenye treni za kelele. Watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma, wakubwa wao kwa karibu mwaka mzima, kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Hakuna aliyebomoa kitu. Reli iliwekewa mpira, madarasa yakawekewa dari ya kunyonya sauti, na utafiti wa 1981 ukakuta pengo limetoweka. Nilipofika hapo nilimkumbuka yule mwalimu.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, waliochunguza madarasa 153 ya shule za msingi, walieleza kwamba hali ya darasa lenyewe ilihusika na asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya wanafunzi kwa mwaka. Mwanga, hewa na joto kwa pamoja ndivyo vilivyoongoza. Hayo yote kwa sehemu kubwa yanarekebishika bila kung'oa msingi: dirisha likipanuliwa, tundu la hewa likifunguliwa, dari ikiwekwa.

Lakini msinielewe vibaya. Yapo majengo ya kubomoa, na hapo huruma ni hatari. Msingi ukititia, nyufa za mshazari zikizidi kupanuka, nondo zikivimba kutu na kupasua zege, rangi mpya ni kuwafunika watoto sanda. Mwishoni mwa Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kuanza, zaidi ya shule 100 za Uingereza ziliamriwa kufunga majengo yenye zege jepesi la mapovu, ambalo huweza kuporomoka bila dalili. Hilo halionekani kwa macho ya mzazi. Muiteni mhandisi wa miundo kabla ya kuita mkandarasi, maana mkandarasi anakula kwenye ujenzi. Mhandisi kwanza, kikao baadaye. Narudia: mhandisi kwanza. Na mkijenga upya, fedha ya dari iandikwe pamoja na ya paa, isiachwe "tutamalizia".

Wazazi wenzangu, tuache kujengea wageni. Anayekaa humo siku nzima ni mtoto.

Ndugu mwenyekiti, mhandisi akishasema kuta ziko salama, usipige kura bado. Ingia darasani watoto wakiwemo, keti dawati la nyuma kabisa na daftari lako, mwombe mwalimu asome imla ya maneno ishirini kwa sauti yake ya kawaida. Andika unayoyasikia, kisha niandikie umepata mangapi.