Cheti chako kinapofika dirishani

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kazini, madaktari kwa matabibu, naandika haya nikiwa upande wa dirisha la dawa, kule vyeti vyenu vya dawa vinakoishia. Chuoni makundi ya dawa kisheria hukaririwa kwa ajili ya mtihani, halafu yanasahaulika. Kazini yanarudi kila siku, maana ndiyo yanayosema nani aandike, nani atoe na kumbukumbu gani ibaki.

Dawa baridi, zile zinazouzwa bila cheti, hazihitaji maneno mengi. Ila muulize mgonjwa ameshameza nini nyumbani. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Mtu anazimeza asubuhi, mchana anakuja kwako unamwongezea paracetamol nyingine, na hakuna aliyejua.

Dawa za cheti ndizo zitakazokula muda wenu. Msidhani kwamba kwa kuwa sheria inadai cheti, basi mgonjwa amekuja hajagusa antibayotiki. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 ili watu walio mbali na famasi wapate huduma, yanaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, amoxicillin ikiwemo. Mwombe akuonyeshe pakiti au bahasha. Mara nyingi anayo kwenye mkoba.

Sasa cheti chenyewe. Tunaletewa cheti kimeandikwa "Amoxy syr 5 ml x 3", basi. Rafuni kuna chupa mbili za amoxicillin ya maji: moja ina miligramu 125 katika kila mililita 5, nyingine ina 250. Mililita tano za chupa hii ni nusu ya dozi ya chupa ile. Uzito wa mtoto haupo, siku za kutumia hazipo. Aliye makini atakupigia simu. Aliyechoka, foleni imefika mlangoni, atatoa chupa iliyo karibu na mkono. Andika jina zima la dawa lile la kitaalamu, si la kiwanda wala kifupisho. Andika uzito kwa kilo, dozi kwa miligramu, ndipo mililita zifuate pamoja na nguvu ya dawa, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi.

Namba nazo zina hatari zake. Ukiandika 5.0 na nukta ikafifia, inasomeka 50, andika 5. Nusu miligramu iwe 0.5, si .5. Insulini usiandike "10U", kwa sababu U huonekana kama sifuri na yuniti 10 zikawa 100. Andika neno zima, na mikrogramu vilevile. Methotrexate ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, kwa hiyo taja siku yenyewe, mfano Jumatatu tu. Ikimezwa kila siku inaweza kuua. Carbamazepine ni ya kifafa, carbimazole ni ya tezi ya shingo, na kwa mwandiko wa haraka majina haya yanafanana mno. Ukituandikia ugonjwa pembeni umetusaidia sana.

Jambo moja linanisumbua kuliko mengine, nalo ni saa. Dozi ya pili ya ALu, dawa ya malaria, humezwa baada ya saa nane tangu ya kwanza. Mgonjwa ameanza saa 4 asubuhi, kwenye bahasha anakuta "saa 8" peke yake, anameza saa 8 mchana, saa nne tu baadaye. Ilipaswa kuwa saa 12 jioni. Mhesabie saa yake pale pale, umwandikie asubuhi, mchana au jioni.

Kundi la tatu ni dawa za DDA, yaani zinazodhibitiwa vikali kisheria: dawa kali za maumivu kama morphine, pethidine na wenzake. Hapa kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na jina lako kamili, namba ya usajili, tarehe na sahihi. Sisi tunazitunza kwenye kabati la kufuli mbili na kuziingiza kwenye rejista ampuli kwa ampuli. Kilichobaki ndani ya ampuli kimwagwe mbele ya shahidi naye asaini. Lakini naomba ulinzi huo usiwatie woga. Umewekwa kuzuia wizi, haukuwekwa kumnyima mgonjwa wa saratani. Uganda ilibadili kanuni mwaka 2004 ili wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, waweze kuandika morphine, kwa sababu wagonjwa walikuwa na maumivu vijijini na madaktari hawakutosha. Mgonjwa wako akiihitaji, mwandikie kwa usahihi, ataipata.

Ukikosea kwenye cheti, usigeuze 1 kuwa 4. Kata kwa mstari mmoja, andika upya, saini. Kwa DDA andika cheti kipya kabisa. Na tukikupigia kutoka dirishani, pokea hata kama uko kwenye raundi, kwa kuwa hatutampa mgonjwa dawa tunayoikisia.